Phoenix, mtumba ya gia au ya mashindano? Angalia fremu kwanza

Siti ya baiskeli utabadilisha. Usukani utabadilisha. Tairi zitakwisha zenyewe, na gia zikikusumbua fundi atakufungia nyingine. Fremu ndiyo ndoa. Mabomba yakishachomelewa kwa pembe zake huko kiwandani, basi. Hakuna fundi wa chini ya mwembe atakayezigeuza bila kukuachia chuma chakavu. Ndiyo maana nashangaa nikimwona mtu kwenye banda la mtumba anahesabu gia, anabonyeza siti, anapiga kengele, halafu anatoa hela bila hata kurudi nyuma hatua tatu akaitazama baiskeli ubavuni.

Tangu Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, maswali yamekuwa mengi. Vijana wa hapa Morogoro walimwona Tadej Pogačar, Mslovenia aliyeshinda mbio kuu, kwenye simu zao akipanda vile vilima kana kwamba anakwenda dukani, na sasa kila mmoja anataka "ile nyembamba". Sina ugomvi nao. Ila mwezi uliopita alikuja mmoja ambaye kazi yake ni maziwa. Kila alfajiri anatoka Bigwa kuja mjini na madumu mawili ya lita 20, moja kila upande wa keria.

"Shikamoo mzee. Nimeona moja ya mashindano, nzuri kweli, na jamaa anapunguza bei."

"Marahaba. Mdogo wangu, kaa kwanza. Hayo madumu utayafunga wapi?"

Tulikaa nusu siku, maana uani kwangu zipo baiskeli tatu za aina tatu: Phoenix, ile ya Kichina ya kubebea mizigo, ya ringi 28 niliyorithi kwa mjomba, mtumba ya gia ya ringi 26 ya miaka ya 1990, na ya mashindano ambayo mpwa wangu aliiacha alipokwenda chuo. Tulizipima zote, na ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyokumbuka akiwa ameshaondoka.

Kupima hakuhitaji karakana. Simamisha baiskeli wima kwenye sakafu iliyo sawa, usukani ukiwa umenyooka. Chukua simu yenye kipimo cha usawa, ibandike ubavuni mwa lile bomba fupi la mbele linaloshika foku, yaani ule uma wa gurudumu la mbele, usome pembe. Kisha chukua fito iliyonyooka, iweke sambamba na bomba hilo, ishuke mpaka sakafuni, uweke alama ya chaki pale inapogusa. Mwisho funga kokoto kwenye uzi, uning'inize kutoka kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, uweke alama ya pili. Utaona kitu ambacho wengi hawakitegemei: alama ya fito iko mbele, alama ya uzi iko nyuma yake. Yaani tairi inagusa ardhi nyuma ya pale mhimili wa usukani unapoelekea. Umbali huo wa kati, ambao kwa baiskeli nyingi ni sentimita 5 hadi 10, ndio unaoamua zaidi usukani utakuwa na tabia gani mkononi. Mimi nauita mburuto, kwa sababu ndivyo ulivyo: gurudumu linaburutwa nyuma ya usukani kama yale magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali, ambayo ukisukuma kitanda yanageuka yenyewe na kufuata.

Vipimo vyetu vilikuwa hivi. Baiskeli yako inaweza kutofautiana kidogo, lakini haitakwenda mbali sana na jamii yake.

| | Phoenix 28 | Mtumba ya gia 26 | Ya mashindano |
|---|---|---|---|
| Pembe ya bomba la mbele | 67° | 71° | 73° |
| Pembe ya bomba la siti | 67° | 73° | 73.5° |
| Mburuto | sm 7 | sm 7 | sm 5.7 |
| Ekseli hadi ekseli | sm 115 | sm 105 | sm 99 |
| Pedali hadi ekseli ya nyuma | sm 49 | sm 43 | sm 41 |
| Ekseli ya pedali kutoka chini | sm 29.5 | sm 29.5 | sm 27 |
| Upana wa tairi | mm 38 | mm 50 | mm 25 |

Kijana aliona jambo moja haraka kuliko nilivyotarajia. "Mzee, mbona Phoenix na hii ya gia mburuto ni uleule, na hazifanani hata kidogo barabarani?" Swali zuri, na jibu lake ndilo linalowapotosha wanaosoma namba moja tu.

Pembe ya mbele ikiwa imelala, kama ya Phoenix, usukani ukigeuka kidogo tu sehemu yote ya mbele ya baiskeli inashuka chini. Jaribu ukiwa umesimama: shika Phoenix kwenye siti, iinamishe upande mmoja, uone usukani unavyoanguka wenyewe kama kichwa cha mtu anayesinzia. Kwa hesabu, usukani ukigeuzwa robo mzunguko, mbele ya Phoenix inashuka karibu sentimita 2.5, ya mtumba ya gia karibu 2.2, ya mashindano 1.6 tu. Kwenye mwendo huhisi kitu, magurudumu yanajishikilia. Lakini unapopita sokoni polepole, mbele umetundika kapu la nyanya, kila ukikata kona usukani unataka kuendelea kukata zaidi ya ulivyouomba, na wewe unaurudisha. Ndiyo maana wenye Phoenix wenye akili hawaweki mzigo mbele. Mzigo unakaa nyuma, na fremu ilichorwa hivyo.

Ongeza na urefu. Kuzunguka mti kwa duara la mita 3 kutoka shinani, Phoenix inahitaji usukani ugeuke kama nyuzi 21. Ya mashindano inatosheka na 18. Tofauti ndogo kwenye karatasi, lakini mkono unaiona, hasa pale mbuzi anapokurukia barabarani.

Wanafizikia nao bado wanabishana na baiskeli, usidhani ni jambo jepesi. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones aliandika namna alivyojaribu kuunda baiskeli isiyoendesheka ili ajue nini hasa kinaisimamisha, na mburuto ukatoka kwenye kazi hiyo ukiwa na heshima kubwa. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Marekani na Uholanzi likachapisha kwenye jarida la Science baiskeli yao ndogo ya ajabu, yenye mburuto uliogeuzwa kidogo kwenda mbele, na bado ilijisimamia yenyewe ikisukumwa. Kwa hiyo mburuto ni muhimu, lakini mahali uzito ulipo ni muhimu vilevile. Kwetu sisi wabebaji hilo halikuhitaji jarida.

Turudi kwenye Phoenix, maana hii ndiyo inayodharauliwa. Umbo lake si la Kichina. Ni lile la baiskeli za Kiingereza za mwanzoni mwa karne iliyopita, za akina Raleigh wa Nottingham, lililonakiliwa Shanghai na Punjab na kusambaa kote duniani kwenye barabara mbovu. Wakenya wanaiita Black Mamba. Boda boda za kwanza pale Busia, zilizokuwa zikivusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka wa Kenya na Uganda, zilikuwa baiskeli za namna hii zikiwa na kijigodoro nyuma. Hawakuichagua kwa kukosa nyingine tu. Angalia ile sentimita 49 kati ya pedali na ekseli ya nyuma. Abiria au gunia linakaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, miguu yako inazunguka bila kisigino kugonga mzigo, na gurudumu la mbele linabaki chini.

Hapa namba zinasema zaidi ya maneno. Chukua mzigo wa kilo 60. Ukiufunga kwenye mtumba ya gia, ambayo nyuma yake ni fupi, visigino vitakulazimisha uusogeze, tuseme, sentimita 10 nyuma ya ekseli. Papo hapo gurudumu la mbele linapungukiwa karibu kilo 6. Sasa panda mlima wenye mwinuko wa asilimia 10: wewe, baiskeli na mzigo, jumla kama kilo 140, uzito wenu ukiwa kimo cha mita moja hivi, mnahamishia nyuma kilo nyingine 13. Mbele kulikuwa na kilo thelathini na kitu, leo kuna 14 au 15, na kila ukikanyaga pedali kwa nguvu usukani unakuwa mwepesi kama wa kuchezea. Wanaopandisha mizigo milimani Uluguru wanaujua wepesi huo, na hawaupendi. Kwenye Phoenix, mzigo uleule juu ya ekseli haupunguzi kitu mbele, na urefu wa sentimita 115 unapunguza hata kile kinachohamishwa na mlima.

Ubaya wake sitauficha. Bomba la siti limelala nyuzi 67, kwa hiyo unakaa nyuma ya pedali, mgongo wima, makalio yakibeba karibu kila kitu. Kwa kwenda kanisani ni raha. Kwa kupanda mlima ni kama kusukuma kabati ukiwa umekaa kwenye kiti. Unainuka, unasimama juu ya pedali, na usukani wenye pembe ile unaanza kuyumba kushoto kulia. Kwa hiyo mlimani Phoenix inashukiwa na kusukumwa, na hakuna anayekucheka. Breki za vyuma kwenye ringi za chuma nazo, mvua ikinyesha, ni ushauri zaidi kuliko amri. Umbo lenyewe linakulinda: uzito uko nyuma sana kiasi kwamba kupinduka juu ya usukani ni kazi ngumu. Phoenix haikupindui. Kusimama nako haisimami.

Na fremu zake ni ndefu kwenda juu. Nyingi ni za inchi 22 au 24, bomba la juu limelala sambamba na ardhi. Watoto tulijifunzia kwa kupitisha mguu mmoja ndani ya fremu, chini ya lile bomba, tukiendesha tumejipinda kama ndizi, kwa sababu juu hatukufika. Mtu mzima mfupi asiione aibu kutafuta ya 22. Simama ukiwa umeipanda kwa miguu miwili chini; kama hakuna nafasi ya vidole vitatu kati yako na bomba, siku utakayoruka ghafla utajuta.

Mtumba ya gia inauzwa kama jibu la kila kitu, na kwa bahati karibu ni kweli. Ile ya miaka ya 1990, fremu ya chuma, foku ngumu isiyo na springi, ni baiskeli ambayo ningempa mtu nisiyemjua akaishi nayo. Pembe ya 71 inakubali mwendo wa polepole bila kukuangushia usukani, na kwenye mteremko wa changarawe haishtuki. Bomba la siti la nyuzi 73 linakuweka karibu juu ya pedali, kwa hiyo mlima unapandika ukiwa umekaa. Tairi la milimita 50 linameza vijiwe. Kwa anayekwenda kazini, shambani na kwa wakwe kwa baiskeli moja, tafuta hii.

Isipokuwa usifanye nilichofanya mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilidanganyika na foku yenye springi. Fundi mmoja akanifungia, ndefu kuliko ya zamani kwa sentimita 8 nzima, nami nikaipanda kwa maringo kwenda Kihonda. Baiskeli iliyokuwa mtiifu ikawa mlevi. Polepole usukani ulianguka kila upande, mlimani mbele ilitangatanga, siti ilikuwa kama inanisukuma nyuma. Nilimlaumu fundi wiki nzima kabla sijachukua fito na uzi. Kila sentimita 2 unayoinua mbele kwenye baiskeli ya urefu huo, inalaza pembe zote kwa nyuzi moja hivi. Nane zimelaza nne. Pembe ya mbele ikashuka hadi 67, mburuto ukapanda kutoka sentimita 7 hadi tisa na nusu, siti ikalala hadi 69, na pedali zikapanda juu sentimita 3. Mabomba yalikuwa yaleyale, yamechomelewa vilevile, lakini kwa jinsi ilivyosimama ardhini ilikuwa fremu nyingine. Nilirudisha foku ngumu, na ile ya springi iko darini mpaka leo. Kuku wanalala juu yake.

Baiskeli za kisasa za milimani zina pembe za 65 au 64 kabisa, na zinaendesheka vizuri, kwa sababu fremu yote ilichorwa upya kufuatana na pembe hiyo: ndefu mbele, usukani uko karibu, bomba la siti limesimama hadi 76. Kwa hiyo namba yenyewe haina kosa. Kosa ni kuitoa kwa wenzake.

Sasa ya mashindano. Kwanza niseme wazi, naipenda. Ukipanda asubuhi kwenye lami tupu ya kwenda Mzumbe, unawaza kona na yenyewe imeshaikata. Mburuto mfupi, pembe iliyosimama, magurudumu mepesi, nyuma fupi: ukikanyaga, inaondoka, ukiegemea, inageuka. Pedali ziko chini zaidi kutoka mstari wa ekseli, kwa hiyo unahisi umekaa ndani ya baiskeli badala ya juu yake, na kwenye kona za kasi hilo linatuliza. Wengi wanadhani baiskeli ya mashindano inatikisika kwenye mteremko. Kwa kweli, kwenye lami nzuri, ukiwa umeinama na mikono yako chini, uzito umegawanyika karibu sawa mbele na nyuma, na inatulia kuliko Phoenix inayoteremka mlima uleule.

Lakini kila sifa hapo imefungwa kwenye masharti. Lami nzuri. Mikono miwili. Mgongo unaokubali kuinama saa nzima. Shimo moja la ukubwa wa sahani, na mburuto ule mfupi unaliruhusu gurudumu lipigwe pembeni kabla hujajua. Jaribu kupiga simu kwa mkono mmoja, utajikuta kwenye mtaro. Fremu ndogo ina mtego mwingine: gurudumu la mbele liko karibu sana na kidole cha mguu, na ukikata kona kali polepole, kiatu kinagusa tairi. Kwa mwendo wa kasi haitokei kwa sababu usukani haugeuki kiasi hicho. Inatokea pale unapogeuza mbele ya duka watu wakikutazama.

Na keria haina pa kufungwa. Fremu nyingi za namna hii hazina hata matundu ya skrubu. Madigadi hayaingii, na tairi la zaidi ya milimita 28 kwenye fremu za zamani halipiti kati ya breki na foku. Kijana wa maziwa aliinama akachungulia ile nafasi, akaweka kidole, hakikuingia. "Matope yatakaa wapi?" akauliza. Yatakaa hapohapo, mpaka gurudumu ligome kuzunguka.

Watu hupenda kusema chuma ni laini, alumini inaumiza, kaboni ni mto. Nimesikia mabishano hayo yakiisha kwa watu kuacha kusalimiana. Fremu ya pembetatu mbili, kwa umbo lake, ni ngumu sana kwenda juu na chini. Haiwezi kubonyea kiasi cha kushindana na tairi. Ulaini unaousikia kwenye Phoenix unatoka kwenye vitu vitatu: springi za siti, foku ndefu iliyopinda mbele ambayo kweli inanesa kidogo, na upepo. Fanya jaribio lisilo na gharama. Pita barabara yenye matuta madogo tairi zikiwa zimejaa mpaka zinalia kama ngoma, kisha punguza upepo robo, upite tena palepale. Umeshabadilisha "fremu" yako bila kumlipa mtu. Usipunguze tu mpaka ringi igonge jiwe, maana hapo utamlipa fundi wa pancha. Fremu inaamua zaidi unakaa wapi na usukani unajibu vipi. Kutikiswa, mlaumu mwenye pampu.

Zipo na zile mtumba kutoka Japani, bomba la juu limeshushwa chini, kapu mbele, kufuli nyuma. Watu wanaziita za akina mama, jina ambalo limewazuia wanaume wengi kununua baiskeli nzuri ya mjini. Unapanda na kushuka bila kurusha mguu, hata ukiwa na kanzu, sketi au mtoto nyuma. Kasoro yake ni hiyohiyo ya kukosa bomba la juu: ukifunga mzigo mzito nyuma, mbele na nyuma vinasokotana, unahisi mkia unakuja kivyake. Kilo 15, sawa. Gunia la mkaa, hapana. Na kuna zile za changarawe, usukani wa pembe za kondoo kama wa mashindano lakini pembe ya 71, nyuma sentimita 43, tairi la milimita 40 na zaidi. Ukiipata mtumba kwa bei ya kibinadamu, usiniulize, nunua. Kwetu bado ni adimu.

Ukishajua unataka ipi, bado kuna mtego wa bandani. Baiskeli iliyogonga ukuta huko ilikotoka hupakwa rangi ikaja kwetu ikiwa imetabasamu. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, pale linapokutana na bomba fupi la mbele. Ukihisi mkunjo kama ngozi ya kiwiko, au rangi imepasuka mstari, iache. Kisha itazame foku ubavuni: miguu yake inatakiwa ianze kufuata mstari wa bomba la mbele kabla ya kupinda kwenda mbele. Iliyorudishwa nyuma kwa ajali inaongeza mburuto karibu sawasawa na ilivyorudi, sentimita 2 kwa sentimita 2, na inasogeza gurudumu karibu na mguu wako. Muuzaji atasema ndivyo zilivyo. Kuna mmoja aliniambia hivyo, nami nikamwamini, na ile baiskeli iliniuma kidole gumba cha mguu mpaka nikaiuza kwa hasara.

Jaribio la mwisho ni la maji. Mwaga ndoo kwenye vumbi lililo sawa, pitisha baiskeli ukienda moja kwa moja, bila kuyumba, kisha geuka uangalie nyayo. Tairi la nyuma linatakiwa likanyage juu ya mstari wa la mbele. Kama linakimbia pembeni kwa upana wa kidole mstari mzima, ama gurudumu limefungwa upande au fremu imesokotwa. Fungua nati za nyuma, linyooshe gurudumu, upite tena. Likirudia, rudisha baiskeli kwa mwenyewe na umwachie na ndoo yake.

Kitu kimoja ambacho unaweza kukisahihisha: siti. Kila sentimita moja na robo unayoisogeza mbele au nyuma ni kama kubadilisha pembe ya bomba lake kwa nyuzi moja. Reli za siti nyingi zina nafasi ya sentimita 2 au 3. Kwa hiyo Phoenix yenye 67 unaweza kuipandisha mpaka 69 kwa ufunguo mmoja, na magoti ya mpanda milima yatakushukuru. Mimi nimefanya hivyo.

Kijana wa maziwa alijaribu zote tatu pale uwanjani, kwanza tupu, kisha na madumu yaliyojaa maji kwenye zile mbili zenye keria. Kwenye ya gia kisigino kiligonga dumu mara ya tatu tu ya kukanyaga, na alipolisogeza nyuma, mbele ikawa nyepesi, akashuka bila kuambiwa. Alinunua Phoenix ya fremu 22 wiki iliyofuata, siti imesogezwa mbele mpaka mwisho wa reli. Ameniomba ile ya mpwa wangu Jumapili asubuhi, aende nayo mpaka Mzumbe na kurudi. Nimekubali, ila dumu abaki nalo Bigwa.